Ndugu Zefania wa Saltley

Kwanza walidhani ni Ngugi, kwa sababu upuuzi wote katika nyumba ile ulikuwa wa Ngugi tangu zamani.

Walikuwa wamesimama sebuleni, watu wazima wenye vitambi na vipara, kila mmoja na kikombe chake cha chai, katika ile nyumba ya wanafunzi iliyo kwenye mtaa wa nyuma ya Alum Rock Road, Saltley, jijini Birmingham. Zulia lilikuwa limeshang'olewa na kuta zilinuka unyevu. Oliver, aliyewaita wote waje kuifufua nyumba na chama chao cha Udugu, alisema kazi haiwezi kuanza bila kuitana majina kama enzi zile. Akaita, kutoka mkubwa hadi mdogo, na kila aliyeitwa akajibu "Nipo!" kama askari. Alipofika mwisho akanyamaza. Ndivyo desturi ilivyotaka: mwitaji akinyamaza, hiyo ndiyo ishara. Wote wakapaza sauti kwa pamoja, "Ndugu Zefania!"

Enzi zile, baada ya hapo walikuwa wanacheka tu. Safari hii, kabla kicheko hakijatoka, mtu alijibu kutoka ghorofani, kwa upole, kama aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Nipo."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. "Ngugi, wewe hutakua!" mmoja akasema. Jairus naye alicheka, halafu akageuka na kumwona Ngugi amesimama ubavuni mwake, mashavu yamejaa sambusa, macho yamemtoka.

"Si mimi," Ngugi alisema alipofanikiwa kumeza. "Buda, si mimi."

Walipanda wawili wawili kuangalia. Juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya maziwa yaliyochemka yakamwagikia jiko na kuungua, katika nyumba ambayo haikuwa na jiko bado.

Sasa lazima ijulikane Zefania alikuwa nani, au tuseme hakuwa nani. Aliyemzaa ni Jairus. Wakati wa kuanzisha chama, chuo kilitaka idadi fulani ya wanachama kabla ya kukitambua, nao vijana wale Wakenya walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja. Jairus, aliyekuwa kijana wa maneno mengi, akasema, "Mtajeni Zefania." Zefania yupi? "Ndugu yetu. Ana haya, hatoki chumbani." Chuo kikakubali, na mzaha ukaota miguu. Sukari ikiisha, ameila Zefania. Bafu likichafuka, ni Zefania. Jumapili wakisonga ugali, tonge la kwanza lilimegwa na kuwekwa mbele ya kiti cha pembeni, na asubuhi sahani ilikuwa tupu, kila mtu akiamini mwenzake ndiye aliyekula. Mwanachama mpya alipokewa kwa kushikwa mkono na wakubwa, kisha akaamriwa akisalimie kile kiti. Watu waliokulia Sunday school, wanaoombea hata biskuti kabla ya kuila, hawakuona ubaya wowote. Na mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Miaka ikaenda. Wanafunzi kutoka nyumbani wakapungua, korona ikamalizia waliobaki, chama kikafa kimya kimya. Suhaib, mwenye nyumba, aliwapangisha watu wengine lakini hawakukaa. Walikuwa wanasema kuna mtu anakaa nao ambaye hawajawahi kutambulishwa kwake.

Jairus sasa alikuwa fundi wa lifti, akiishi Hodge Hill na mkewe Mumbua, ambaye ni nesi. Maisha hayakuwa mabaya. Kilichomkera ni kimoja, na jina lake ni Oliver. Huyu alijiunga na Udugu mwishomwisho, wakati Jairus ameshaoa. Lakini ndiye aliyemwendea Suhaib wakakubaliana, ndiye aliyezungumza na chuo, ndiye aliyekusanya wanafunzi wapya, ndiye ambaye kina mama wa kanisani walimtazama wakasema, "Chanda chema huvikwa pete." Ni wakili, ana meno mazuri, anakumbuka majina ya watoto wa watu. Hata kumchukia vizuri ilikuwa kazi. Chuo kilipoweka picha kwenye tovuti yake, Oliver alisimama katikati akitabasamu, na Jairus, mwanzilishi wa chama, alionekana kiwiko tu, pembeni.

Mumbua alimwonyesha picha hiyo akicheka. "Aki hata hicho kiwiko nakitambua, ni chako."

Jairus hakucheka. Wivu ulimpanda mpaka chakula kikamshinda.

Jioni moja ya Novemba, wengine wakiwa wameenda kununua rangi, alibaki peke yake chumba cha juu akibadilisha soketi. Saa kumi na nusu tu, na dirishani giza lilikuwa limeshatanda. Alipiga magoti ukutani, tochi mdomoni, ndipo akasikia fagio chini sebuleni. Shwaa. Shwaa. Likafagia mpaka kwenye ngazi, likapanda ngazi polepole, likafika mlangoni nyuma yake, na hapo likanyamaza. Ile harufu ya maziwa ikajaa chumbani.

"Jairus," sauti ikasema. "Wametusahau."

Tochi ikamtoka mdomoni. Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Ulinipa jina," sauti ikaendelea, bila hasira, kama mtu anayelalamika kwa ndugu yake. "Ulinimegea tonge la kwanza. Kisha mkafunga mlango mkaenda. Na huyu Oliver, yeye amenipa nini? Amekupa nini wewe?"

Mtu mwenye akili zake angeruka dirishani. Jairus alitetemeka, ndiyo, jasho lilimlowesha mgongo wote, lakini chini ya hofu, hapo pabaya, alisikia kitu kingine. Alisikia utamu. Hatimaye kulikuwa na mtu aliyekumbuka kwamba chama ni chake.

"Unataka nini?" akanong'ona.

"Nafasi."

Hakumwambia mtu. Kesho yake alipokuja na chakula chake cha mchana, alimega kipande cha chapati akakiweka juu ya kile kiti cha pembeni, akajiambia kwamba anafanya hivyo ili kile kitu kitulie.

Kikatulia kweli kwa watu wote, isipokuwa kwa Oliver.

Ilianza kwa vitu vya kuchekesha. Oliver akituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, unapita kama haujasomwa. Akisema neno mkutanoni, mwingine analisema tena baada ya dakika moja na wote wanamsifu huyo. Sauti yake ikawa ya mkwaruzo, akadai ni mafua. Ngugi alipiga picha ya kazi inavyoendelea, na mahali aliposimama Oliver pakatoka ukungu, kila mtu akalaumu simu. Halafu Suhaib akaja kuangalia ukarabati. Akampita Oliver aliyekuwa amemnyooshea mkono, akamwuliza Jairus, "Where's your mate? The tall one. Zef."

"Nani?" Jairus akauliza.

"Zef, bro. The one I shook hands with." Kisha akamgeukia Oliver, kwa adabu kabisa. "Sorry, and you are?"

Oliver alicheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Jairus aliona. Aliona pia mkono wa Oliver ukirudi polepole mfukoni, na katika moyo wake, Mungu amsamehe, kitu kikapiga makofi.

Wiki hiyo hiyo Wambui, mke wa Oliver, alimpigia Jairus. Alizungumza chini chini, kama aliyejifungia chooni.

"Shemeji, nisaidie. Kuna kitu si kizuri hapa kwetu. Leo asubuhi nimeamka nikamwona mwanamume kitandani nikapiga kelele. Alikuwa Oliver. Ni mume wangu, shemeji, na nilichukua muda mrefu, muda mrefu sana, kumjua. Ni Kendi peke yake anayemwita Daddy bila kufikiri. Mimi lazima nifikirie kwanza."

"Umechoka," Jairus alisema. "Pumzika."

Alipokata simu alikuta Mumbua amesimama jikoni akinusa koti lake.

"Mbona nguo zako zinanuka maziwa ya kuungua kila siku?" akauliza. "Na usiku unaongea na nani? Usiniambie ni ndoto. Mtu wa ndoto hangoji ajibiwe." Alikuwa analia. "Unasema, 'Bado kidogo.' Bado kidogo nini, Jairus?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli, akamweleza karibu yote. Sehemu ya chapati aliieleza. Sehemu ya makofi hakuieleza.

Mumbua alikuwa anafanya kazi na Denise, Mkongomani, ambaye mama yake mzazi, Mama Orpha, anajulikana Nechells nzima kwa maombi yake. Hafanyi kelele, hatoi mafuta wala maji. Anasikiliza tu, halafu anakwambia ukweli, jambo ambalo watu wengi huona ni ghali zaidi. Waliketi kwenye sebule yake ndogo, ghorofa ya juu, maghala ya viwanda yakionekana dirishani, naye akamsikiliza Jairus mpaka mwisho bila kupepesa.

"Mulimupa jina," alisema. "Mulimupa chakula. Mulimupa kiti. Kisha mukafunga mulango mukaenda. Alors, munashangaa nini? Ile kitu haina mwili, iko na wivu tu. Iko jaloux ya kila mutu mwenye kuitwa na kuitika. Sasa inakula fasi ya ule kijana, kidogo kidogo, na siku ikiitikia mu fasi yake, itaimaliza."

"Tufanye nini, Mama?" Mumbua akauliza.

"Mwenye kumuzala njo mwenye kumufukuza." Akamwelekezea Jairus kidole. "Siku ya kufungua nyumba mutaita majina, c'est ça? Utaita weye. Ukifika kwa Oliver, umuite mara moja, na roho safi, aitike na kinywa yake mwenyewe. Akishaitika, usiache kimya. Hata kidogo. Sema Amen, mukae, mukule. Ile kitu ikikosa kuitwa, itaenda." Akamtazama Jairus. "Lakini kama uko na wivu juu yake, mwanangu, hata kama ni kidogo, usiite. Mupe mwingine aite. Hapana haya mu ile."

"Sina wivu, Mama," Jairus alisema.

Alisema haraka mno. Mumbua aligeuka akamtazama. Mama Orpha akaanza kukusanya vikombe.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, Desemba, mvua nyembamba ya Birmingham ikinyesha tangu alfajiri. Nyumba ilipendeza, ni kweli. Kuta nyeupe, hita zinafanya kazi, meza ndefu imejaa pilau, samosa na kuku. Wanafunzi wapya walijaa mpaka kwenye ngazi, vijana na mashati yao yaliyopigwa pasi. Oliver alikuwa ameshawafundisha desturi zote kabla hajaanza kudhoofika: kujibu "Nipo", kunyamaza, ishara, na jina la mwisho. Jairus alikusudia kuwaambia Zefania ameondolewa. Lakini kuwaambia kungetaka aeleze, na kueleza kungetaka aeleze yote. Akajiambia kwamba asipoacha kimya inatosha.

Oliver alikaa kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwekea kingine. Suti ilimning'inia. Wambui alikaa na Kendi upande wa pili wa chumba, akimwangalia mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo. Mtoto peke yake ndiye aliyempungia baba yake mkono.

Ngugi alimwomba Oliver aite majina. Oliver alisimama kwa kushika meza. Sauti yake ilitoka kama karatasi inayokunjwa.

"Leo aite Ndugu Jairus," alisema. "Chama ni chake. Sisi wengine tulikikuta."

Jairus aliinua kichwa. Ndiyo maneno aliyoyangoja miaka yote. Kama yangeishia hapo, pengine mambo yote yangekuwa mengine. Lakini mzee mmoja kutoka kanisani alitikisa kichwa kwa furaha akasema kwa sauti, "Mnaona unyenyekevu wa kijana huyu? Huyo ndiye kiongozi!" Chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Wakamshangilia Oliver. Hata zawadi ya Jairus ilikuwa imegeuka kuwa sifa ya Oliver.

Jairus akasimama akaanza kuita. Alijiita mwenyewe kwanza, akajibu. Akamwita Ngugi. Akawaita wengine kwa zamu, na kila "Nipo" ikafuatwa na kicheko kidogo, na hita zikawa zinagongagonga ndani ya kuta ingawa hakuna aliyezigusa, na madirisha yakashika ukungu kwa ndani, na ile harufu ikaanza kupanda kutoka chini ya rangi mpya, maziwa, maziwa yanayoungua, mpaka akashangaa jinsi watu walivyoendelea kutabasamu, jinsi Mumbua peke yake alivyoinua mkono akafunika pua na kumkazia macho yaliyosema mwite, mwite sasa, na nyuma ya kiti cha Oliver, pale ambapo palikuwa na ukuta mtupu, kivuli kirefu kikawa kimesimama kimeinamisha kichwa kidogo, kwa haya, kama mgeni ambaye hataki kukaa kabla hajaambiwa karibu.

Lilibaki jina moja.

Alijua. Isije ikasemwa kwamba hakujua. Alimtazama Oliver, na Oliver akamtazama, na machoni mwa kijana yule hapakuwa na kiburi wala chochote, palikuwa na ombi. Jairus alivuta pumzi amwite. Na pumzi hiyo ilipokuwa kifuani, wazo dogo lilimjia, dogo sana, la kitoto: asubiri kidogo. Ajue na yeye kukaa pembeni kukoje. Kidogo tu, halafu namwita.

Kimya kikaingia.

Vijana wale, watiifu, wenye bidii, wakaitambua ishara. Kutoka sebuleni hadi juu ya ngazi wakapaza sauti kwa pamoja, kwa furaha, mpaka vioo vikatetemeka:

"Ndugu Zefania!"

"Oliver!" Jairus alipiga kelele. "Oliver! Oliver!"

Hakuna aliyemsikia kwa shangwe. Kutoka kwenye kile kiti cha pembeni sauti nzuri, nzito, iliyojaa afya, ikajibu, "Nipo." Aliyekuwa amekaa pale alisimama akanyoosha suti, nayo ilimkaa sawasawa. Alikuwa mrefu. Alikuwa na meno mazuri. Watu wakamkumbatia mmoja mmoja, Ngugi akampiga mgongoni akimwita kaka, mzee wa kanisa akambariki, na Wambui akavuka chumba akamshika mkono kwa uso wa mtu aliyekuwa na homa ndefu ikamwachilia. Harufu ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na pilau tu.

Ndani ya gari, Mumbua alikuwa mchangamfu. "Zefania amefanya kazi kubwa," alisema. "Na amekuheshimu, kukuachia uite majina."

"Na Oliver?" Jairus akauliza.

"Oliver nani?"

Siku iliyofuata alikwenda Nechells. Mama Orpha alifungua mlango upana wa kiganja. Hakumkumbuka Oliver yeyote, na alikiri hivyo. Lakini alivuta pumzi puani, akamtazama Jairus, na macho yake yakajaa huruma na karaha pamoja. "Sijue ni nini ulifanya," alisema. "Lakini uliifanya." Mlango ukafungwa.

Jairus alijitahidi. Alitafuta picha, hazikuwepo. Alilitamka jina lile akiwa ndani ya lifti za watu, katikati ya ghorofa, kwa sauti, kwa sababu aliona asipolitamka yeye hakuna mwingine duniani. Ndugu Zefania alikuwa anampigia simu kila wiki kumjulia hali. Alichaguliwa mwenyekiti. Chuo kiliweka picha mpya, naye akasimama katikati akitabasamu, na ule moto wa zamani ukawaka tena kifuani mwa Jairus, hadi akaona aibu. Hata kwa jini.

Kulipokaribia Pasaka, baada ya ibada, watu walikuwa wanakunywa chai ukumbini. Zefania alikuwa anasimulia kitu, kina mama wanacheka, Wambui yupo ubavuni mwake. Jairus alisikia koti lake linavutwa. Alikuwa Kendi, mtoto wa miaka sita, nywele zimesukwa vizuri. Alitazama nyuma kwanza, kuhakikisha kwamba yule mwanamume hamwoni.

"Uncle Jairus," alinong'ona. "Where's my real dad?"

Jairus akachuchumaa, akamshika mabega. Machozi yalimtoka kwa shukrani: walikuwa wawili, basi. Akafungua kinywa amtajie baba yake.

Jina halikuja. Alilitafuta. Alitafuta uso, akatafuta sauti, mkono, kicheko, chochote, na kila mahali alipogusa palikuwa peupe. Palikuwa na mtu. Hilo alilijua, kwa sababu wivu wake aliokuwa akimwonea ulikuwa bado upo pale pale, mzima, unachoma. Ila ni nani aliyekuwa akimwonea, hakukumbuka tena.

Mtoto alikuwa ameshika koti lake bado, anangoja jibu.